Muulize Shangazi: Nilimfokea mpishi mbele ya wageni, kumbe mamake yuko wodini

Assalaam aleikum wasomaji wangu, hamjambo. Mwezi huu barua za kazini zimezidi za mapenzi, sijui ni upepo wa kusi unapandisha watu hasira ama ni bei ya unga, mimi nimezisoma zote na nimechagua 4. Majina nimeyaficha kama kawaida, tena barua ya Shela, kijiji cha ufuoni hapa kisiwani Lamu, nimeibadilisha kidogo maana Shela ni ndogo, ukipiga chafya kwa wa mwisho anakuombea rehema wa kwanza.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 31, mwaka huu nimepandishwa cheo nikawa meneja wa gesti moja hapa Shela, vyumba 9, stafu 11. Tuna mpishi mmoja, mama wa makamo, mtu wa Faza huko kisiwani Pate, samaki wake wa kupaka kuna wageni wanarudi kwa ajili yake tu. Sasa juzi juzi akaanza kuchelewa, leo saa 1, kesho saa 2 badala ya saa 12, siku ya nne akatoa samaki chumvi imezidi mpaka mgeni akaisukuma sahani. Nikashikwa na hasira nikamwita pale pale barazani, wageni wako mezani na vijana wa boti wanatazama, nikamwambia kama kazi imemshinda arudi kwao Faza akauze mahamri. Hakunijibu. Alisema tu "samahani bosi" akaichukua ile sahani akarudi jikoni. Jioni nahodha wetu ndiye akaniambia mamake mzazi ameletwa kutoka Faza, amelazwa hapa Lamu, na huyu mama analala chini kando ya kitanda usiku wa nne huo, alfajiri anatembea ufuoni mpaka Shela maana nauli ya boti imemwishia. Tangu hapo sina raha. Nataka kumwomba radhi lakini naogopa wale wengine wataniona laini wanipande kichwani, mimi bado mgeni kwenye hiki cheo. Nifanyeje?
Meneja mpya, Shela

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na lililoniuma mimi kwenye barua yako, hayo mahamri. Chumvi ilizidi, hilo ni kosa la kazi na ni haki yako kulisema, kuchelewa pia. Lakini Faza imeingiaje kwenye samaki? Hapo ulikuwa umeshaacha kusahihisha chakula, ulikuwa unamvunjia heshima mtu mzima anayeweza kukuzaa, tena kwa kwao alikotoka. Na haya tunayafanya sana Lamu tusidanganyane, wa mtaa wa Mkomani amdharau wa mtaa wa Langoni, wa mjini amcheke wa visiwani, halafu Maulidi ikifika sote tunajaa msikiti wa Riyadha tukimsifu Habib Swaleh, mtu aliyekuja kutoka Ngazija akakaa akawasomesha watumwa na watoto wa watumwa wakati waungwana wengi wa mji hawakutaka hata kukaa nao mkeka mmoja. Tunamsifu kwa kaswida, jikoni tunasahau.

Haya, radhi. Ulimfokea barazani, usiende kumwomba radhi stoo. Wale vijana wa boti walisikia, basi na wasikie tena. Mwambie hivi, "Mama, juzi nilikukosea, nilikufokea mbele za watu na nikataja kwenu, naomba unisamehe." Ukishasema hivyo nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe ulichelewa", hiyo lakini ndiyo inayomwaga uji wote. Na asipokujibu siku hiyo usimkazanie, amelala sakafuni siku 4, hana nguvu za kukuliwaza wewe.

Kuhusu kupandwa kichwani, mimi naona umelishika kwa mkia. Wale stafu wako siku ile hawakuwa wanakupima kama wewe ni mkali ama laini. Kila mmoja pale ana mama. Walikuwa wanajiuliza siku mamangu akilazwa huyu kijana atanifanyia nini, na jibu wamelipata bure. Ukiomba radhi unawapa jibu jingine. Wa kukupanda kichwani atakuwepo, yuko kila mahali, huyo hata ungekuwa simba angetafuta ngazi.

Ukimaliza radhi ndiyo huruma yenyewe inaanza, na hii haina maneno mengi. Muulize pembeni, msiwe na watu, mama anaendeleaje na wewe wiki hii unahitaji nini. Subiri akwambie, usimjibie. Halafu angalia ratiba yako. Chai ya asubuhi ya vyumba 9 ni mayai na matunda na mkate, hata yule kijana msaidizi anaiweza, basi huyu mama aje saa 4 kwa ajili ya chakula cha mchana na usiku. Na boti yenu si inakwenda Lamu sokoni kila asubuhi? Inarudi na nani? Inarudi na ndoo za samaki na nafasi tupu. Irudi naye. Hiyo haikugharimu hata shilingi na yeye umemwokoa mwendo wa dakika 40 na zaidi mchangani, na siku za bamvua maji yakija juu unavua viatu unapita kwenye maji.

Siku za kupumzika pia zijue zilivyo kisheria maana meneja wengi hawajui wanatoa tu kwa kuona haya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa kila miezi 12 aliyofanya, na akiugua yeye mwenyewe, baada ya miezi 2 mfululizo kazini, ana siku 7 kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, bora alete karatasi ya daktari. Sasa mama akiugua, ama baba akifa, sheria hiyo haikuweka siku zake maalum, hapo ni mkataba wenu ama ni moyo wa bosi. Kwa hiyo usimwambie "sheria hairuhusu", sheria imekuachia wewe. Na kama siku ile ungemfukuza kwa hasira, jua kwamba kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa lazima umweleze kosa kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mwenzake anayemtaka, na umsikilize anasema nini. Angalia hiyo ya kumsikiliza. Wewe hata swali moja hukumuuliza. Mtu aliyekuwa anawahi miaka yote akianza kuchelewa ghafla, siku ya pili tu ulitakiwa umuulize "mama kuna nini?" na ile sahani isingefika mezani.

Chumvi utaisema, usiiache. Wiki ijayo, jikoni, nyinyi wawili, samaki peke yake bila Faza.

Nikupe na langu moja. Mwaka 1993 nilikuwa dobi kwenye hoteli moja Malindi, enzi hizo Waitaliano wamejaa sisi tunajua kusema mi dispiace, yaani samahani kwa Kiitaliano, kabla hatujajua kuandika barua ya kuomba likizo. Mwanangu wa kwanza alikuwa na homa nimemwacha kwa jirani, mimi niko kwenye pasi akili iko Maweni, nikaunguza shuka, alama ya pasi imekaa katikati rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa na mameneja wawili kipindi kile. Mmoja alikuwa na "pole sana" kwa kila mtu, anaisema huku macho yake yako kwenye saa ya ukutani, pole yake ilikuwa kama mlango anakufungia taratibu. Mwingine alikuwa supavaiza wetu, mama wa Kigiriama mkali kama pilipili ya mbuzi, neno tamu kwake hujawahi kulisikia. Huyo ndiye aliyeingia. Akaitazama shuka, akanitazama mimi, akasema "sogea". Akaishika pasi yeye, akapiga shuka 14 zilizobaki mimi nimesimama tu nakunja, hakuna anayesema kitu, mvuke mtupu. Alipomaliza ndipo akauliza, "mtoto ana nini?" Sikuwahi kumwambia kama nina mtoto mgonjwa. Akaniambia nenda, kesho njoo saa 4. Na ile shuka aliiandika kwenye daftari la vilivyoharibika, hakuificha, na wiki iliyofuata akaniita akanionyesha upya jinsi ya kupima joto la pasi kwa tone la maji. Hakuna aliyempanda kichwani yule mama, tulikuwa tunamwogopa na kumpenda kwa pamoja, na mimi mpaka leo nikipasi naanza na tone la maji.

SWALI: Hujambo Shangazi. Niko Malindi, hoteli ya ufuoni, mimi ni karani wa wafanyakazi kwa hiyo barua zote za stafu zinapitia kwangu. Unajua kwetu mwezi wa 4 mvua zikianza wageni wanakwisha, wenye hoteli wanapunguza watu mpaka mwezi wa 7. Mwaka jana meneja alituma meseji kwenye grupu la WhatsApp saa 5 usiku, majina 14, "wafuatao wasiripoti kesho". Kijana mmoja hakuwa na bando, asubuhi akaja na yunifomu yake imenyooshwa, askari akamrudisha getini. Mwaka huu nimeambiwa hao watu niwaambie mimi. Nitawaambiaje bila kuwaumiza?
Karani, Malindi

JIBU: Sijambo dadangu. Bila kuwaumiza haiwezekani, mtu anayekosa mshahara miezi 3 ataumia hata umwimbie taarabu. Wewe kazi yako ni kutomwongezea. Yule kijana wa yunifomu, mimi nimekaa namfikiria, aliamka akawasha makaa ama akaazima pasi ya jirani, akanyoosha kola, akapanda tuktuk ama akatembea, na watu wote wa hoteli wanajua isipokuwa yeye. Kukosa kazi ni msimu, kila mtu Malindi anaujua. Pale getini ndipo walipomdhulumu.

Kwa hiyo cha kwanza ni mapema. Nenda kwa meneja leo sio kesho, mwambie unataka orodha mwezi mzima kabla. Mwezi mmoja mtu anaweza kusimamisha mkopo aliotaka kuchukua, akaongea na mwenye nyumba, akatafuta kibarua cha ujenzi ama shamba, na usisahau muhula wa pili wa shule unafunguliwa wakati huo huo pesa zinapokatika. Na kama mwenye hoteli anawapunguza moja kwa moja kwa sababu kazi zao hazipo tena, hiyo mwezi mmoja hata sio hisani, sheria ile ile ya 2007 inataka notisi isiyopungua mwezi kwa mfanyakazi na kwa afisa wa leba, na kiinua mgongo kisichopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliomaliza. Wa mkataba wa msimu wana hesabu zao, fungua kila mkataba usome kabla hujafungua mdomo.

Kisha waite mmoja mmoja, mchana, mtu akae kwenye kiti. Sentensi ya kwanza iwe ndiyo habari yenyewe. Usianze na "unajua hali ya uchumi ilivyo" ukazunguka mpaka Watamu huku moyo wa mwenzio unadunda. Mwambie, "Mwisho wa mwezi wa 4 kazi yako itasimama." Mpe siku yake ya mwisho, atapata pesa gani, zitaingia lini, na kama atarudi mwezi wa 7 ama hujui. Hujui, sema hujui, usimpe matumaini ili wewe utoke kwenye hicho chumba umepumua. Akinyamaza mwache anyamaze. Akikasirika usijitetee, hasira hiyo wewe umeibebea tu bosi. Na Ijumaa jioni usifanye kabisa, atakaa na hiyo habari siku 2 hana hata mtu wa kumuuliza swali.

Siku yao ya mwisho zungumza na askari. Hapa nasema kwa sauti ya chini, kuna mahoteli yanapekua mikoba ya watu wanaoondoka kama wezi, mtu amekaa miaka 8 anamwagiwa kanga zake mezani getini. Ikibidi kupekua basi iwe ndani, mwanamke kwa mwanamke.

Na tafadhali kwenye barua usiandike "sisi ni familia". Familia haikutumii meseji saa 5 usiku kwamba kesho usije.

Wale 10 ama 12 watakaobaki watafanya kazi ya watu 25, na watakuwa wanaona haya kwa kubaki. Hao nao wanahitaji neno, lakini barua yako haikuuliza hilo, niandikie tena.

SWALI: Shangazi nafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi hapa Lamu. Mwenzangu ana matatizo ya ndoa, kila siku "nishikie kaunta nakuja mara moja", hiyo mara moja ni masaa. Nilianza kwa kumhurumia sasa ni miezi 5, jioni nahesabu pesa za kwake na zangu na kitabu nasaini mimi. Nikikataa ananiona sina utu. Nimechoka.
Mwenye duka mbili, Lamu

JIBU: Mwanangu wiki ya kwanza ilikuwa huruma, miezi 5 ni kazi ya pili bila mshahara. Mwite mnywe kahawa, mwambie Jumatatu na Jumatano naweza kukushikia saa moja, siku nyingine siwezi, na pesa ya zamu yako utaihesabu na kuisaini wewe. Sema hivyo hivyo bila kuomba samahani 20. Shida zake za ndoa endelea kumsikiliza ukitaka, kusikiliza hakumpeleki mtu polisi, kusaini pesa usizozipokea kunaweza. Na kama nyumbani anapigwa, hapo sio kaunta tena, nenda naye kwa wazee wake ama dawati la jinsia polisi, usimwache aende peke yake.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi nachukuza kwa punda, mchanga na mawe na mbao kutoka ufuoni mpaka nyumba zinapojengwa huko juu. Punda ni 4, wote wa mzee wangu, yaani bosi sio baba. Mmoja ana kidonda mgongoni pale gunia linapokaa, kimeanza kutoa maji. Mzee anasema tripu ni zile zile. Juzi nilimtoa huyo punda nikabeba mzigo wake mimi nusu nusu, ndio nikateleza jiwe likanikata mguu lakini kidogo tu. Nikimwambia mzee namhurumia punda anacheka, ananiambia huruma peleka msikitini. Hii safu yenu ya kazini ni ya watu wa ofisi tu ama na sisi tumo?
Kijana wa punda, Langoni

JIBU: Marahaba mwanangu, mmo, tena nyinyi ndio wa kwanza. Mji mzima huu umejengwa mgongoni kwa punda, kila jiwe unaloliona kwenye hizo nyumba ambazo mwaka 2001 zilitiwa kwenye urithi wa dunia lilipita kwenye kichochoro ambacho gari haliingii.

Mzee usimpelekee huruma, ameshakwambia hainunui. Mpelekee hesabu. Kaa naye saa ya kahawa sio saa ya kazi, mwambie, "Mzee, huyu nikimpumzisha sasa tunapoteza tripu chache, mgongo ukioza tunapoteza punda." Halafu mtaje bei ya punda leo, umwache anywe kahawa yake. Na mwambie pale kliniki ya punda mjini, iliyokuwepo tangu 1987, wanatibu bila malipo, hiyo bila malipo itamwingia. Wasiwasi wake mwingine atakuwa wale watu wa ujenzi watalalamika mawe yanachelewa, basi nenda wewe kwa fundi kabla hajalalamika umwambie wiki hii tuko na punda 3, mafundi wengi ukiwaambia mapema wanapanga kazi nyingine, ukiwakalisha wanangoja ndio wanatukana.

Wakati kidonda kinapona usiweke gunia juu yake hata la nusu, hata ukitia tambara chini. Waulize kliniki watakuonyesha lini anarudi kazini.

Sasa nimeisoma barua yako mara mbili. Mistari yote ni ya punda, na katikati hapo umepitisha jiwe likakukata mguu "lakini kidogo tu". Kidogo kiasi gani? Unatembea pekupeku kwenye vichochoro vinavyopita punda, mavi yamo na maji machafu yamo, hiyo hata ikiwa ndogo ni njia ya pepopunda. Siku hiyo hiyo unayompeleka punda, mfunge pale nje, wewe shika njia ya hospitali wauoshe huo mguu wakuchome na sindano. Mzee akiuliza mko wapi mwambie mmekwenda kutibiwa wote wawili, yeye acheke.

Kisha niandikie, uniambie mguu uko vipi.